Jiko Linalosikia Kiapo

Kwetu jiko haliwaki mpaka lisikie kiapo cha utii kwa taifa. Hakuna anayelalamika. Mume wangu Mbaraka hukisema na mswaki mdomoni. Mimi hukitumia kupimia muda wa mapishi: chapati hugeuzwa ukifika "daima na milele". Jirani yetu Bi Riziki amemfundisha kasuku wake, na siku hizi ndiye anayemwashia jiko.

Jana mama mkwe, Bi Nambua, alikuja kutoka Korogwe. Akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Pumzika mwanangu, chapati leo napika mimi."

Akaweka mkono kifuani, akaapa. Jiko likawaka. Lakini alipofika "daima na milele" hakugeuza chapati. Aliendelea: "Na viongozi nao waapa kututumikia. Wakivunja chao, na changu kimevunjika."

Jiko likazimika.

"Mama, hayo umeyatoa wapi?" nikamuuliza huku nacheka.

"Uwanjani, siku ya kwanza ya kiapo. Tuliapa sisi, wakaapa na wao. Kwani nyie mnasema nusu?"

Nikasema kile chetu kifupi, nikarudia. Jiko kimya. Basi tukabeba madonge yetu ya unga hadi kwa Bi Riziki, kasuku akaapa, tukala chapati tukicheka mpaka machozi.

Leo jiko letu bado haliwaki, ila kile kijitaa chake, ambacho huwaka linapotusikiliza, hakijazimika tangu jana. Mama mkwe amekaa hapo karibu yake, anawafundisha wanangu kile kiapo kirefu.