Maji ya Kisima cha Marehemu

Daktari alinieleza waziwazi: maji ya kisima chetu yana madini ya manganizi kupita kiasi, na ubongo wa mtoto mchanga hauyahimili. Nilirudi mbio, nikamkuta mama mkwe amempakata mwanangu, anamnywesha maziwa ya kopo aliyoyakoroga kwa maji yaleyale. Vidole vya mtoto vilikuwa vinatetemeka.

"Mama, acha! Yatamharibia ubongo."

"Kisima hiki alikichimba marehemu mume wangu. Leo unamwita muuaji?"

Akamsukumia chuchu ya chupa mdomoni huku akinikazia macho. Nikaipiga chupa kofi, maziwa yakamrukia mama mkwe usoni.

Mume wangu, aliyekuwa kochini muda wote, aliinuka. "Mwombe mama radhi, au toka."

Nikamnyakua mwanangu, nikavuka kizingiti bila hata viatu.