Mbweha wa Alhamisi

Mzee Wekoye alimpiga kuku sindano ya mauti chini ya bawa, kisha akammwagia mtama kiganja kizima, ale ashibe. Ndiye kuku wa mwisho. Wenzake kumi na mmoja walikwisha kutoweka, mmoja kila Alhamisi, pasi na unyoya kubaki uani.

"Wewe utafika jioni," alimnong'oneza, akirudia maneno ya mtu aliyemuuzia dawa ile kwa siri mjini Kitale. "Lakini atakayekula nyama yako hataliona jua la kesho."

Adui yake alimjua. Mbweha yule aliishi katika kichaka cha mpakani, upande wa jirani yake Wabwile, na majirani hao wawili walikuwa wakigombana juu yake tangu mahindi yalipokuwa machanga.

"Kifyeke kichaka chako, Wabwile!"

"Nikifyeke kwa nini? Huyo ananimalizia panya na fuko. Na ati mbweha wako anajua siku za wiki, bana? Kila Alhamisi! Si umnunulie kalenda basi!"

"Anajua siku ninayopeleka mboga Kitale. Ana akili kukushinda wewe."

"Tumia panga, tumia mtego, mimi sisemi kitu. Lakini ukiweka sumu hapa, mzee, tutaonana kwa chifu."

Kwa hiyo habari ya sindano Wekoye hakumwambia mtu, hata mkewe Nangila. Kwani mdomo wa Nangila, aliamini, ulikuwa na mlango wa nyuma uliofungukia kwa Wabwile.

Si bei ya kuku iliyomuuma. Katika boma la Mbukusu kuku ni heshima, na firigisi yake ni ya mwenye boma: haiguswi na mke, wala mtoto, wala mkwe, ila yeye mwenyewe aitoe kwa hiari yake. Miezi mitatu sasa Wekoye hakuitia firigisi kinywani. Mnyama wa kichakani alikuwa amemvua nguo mbele ya watu.

Na hiyo ilikuwa mara ya pili kuvuliwa. Mwaka uliotangulia, binti yake wa pekee, Lenah, alitorokea ng'ambo ya mto Nzoia na kijana Kiplimo, bila posa wala baraka. Wekoye aliapa kwamba hata punje ya mahindi yake haitavuka mto ule, akakataza kuitwa Baba Lenah. Habari ilipofika kwamba Lenah amejifungua kwa kisu na yu hoi kitandani, kiapo hakikulegea. Nangila alilia siku saba, kisha akanyamaza, akajitia katika maombi ya akina mama.

Alhamisi ile Wekoye alipakia kabeji zake kwenye pikipiki, akaaga kwa sauti kubwa ili kichaka nacho kisikie.

"Nenda salama, mzee," alijibu Nangila, akijitanda leso. "Nami nikimaliza vyombo nitaelekea maombini."

Alasiri Wekoye alirejea mapema kuliko desturi. Ua ulikuwa mtupu. Punje chache za mtama zilibaki mchangani; kuku hayuko. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu miezi mingi, akachukua panga na kuingia kichakani kuutafuta mzoga. Alikwisha kuamua kuutundika langoni kwa Wabwile.

"Unatafuta nini kwangu na panga?" Wabwile alimwita toka shambani mwake.

"Namtafuta mpangaji wako! Leo amekula chakula chake cha mwisho."

Hapo mbweha akajitokeza kati yao. Manyoya yaling'aa, hatua zake nyepesi, na mdomoni alibana fuko mnono mwenye udongo bado mbichi. Akawatazama wote wawili kama mtu aliyekatizwa mazungumzo, akapenya mahindini, akaenda zake.

Wabwile alishika mbavu. "Huyo hapo marehemu wako! Mbona anatembea?"

"Cheka," alisema Wekoye, meno yameumana. "Jua halijatua."

Aliporudi uani alimkuta Hillary, mwendesha boda wa siku nyingi pale Tongaren, akizima pikipiki.

"Habari ya mchana, Baba Lenah."

"Jina hilo silitaki!"

"Niwie radhi, mzee, ndivyo nilivyotumwa niseme. Natoka ng'ambo. Binti yako amepata nguvu, Mungu ashukuriwe. Leo ndiyo mara ya kwanza ameinuka akapika kwa mkono wake. Nimewaacha wakinawa waketi mezani, yeye na mama yake na Kiplimo." Akatoa furushi la jani la mgomba, akalishika kwa mikono miwili kama kitu cha ibada. "Amesema hii ni haki yako. Nyumba nzima hakuna aliyethubutu kuigusa."

Wekoye alitaka kulitupa furushi lile. Lakini joto lake lilimshangaza kiganjani, akalifungua.

Ndani mlikuwa na firigisi kumi na moja, zimekaushwa kwa moshi na kutungwa kwenye ukambaa mmoja. Ya kumi na mbili ilikuwa bado ya moto.