Ua wa Shaali

Shaali alikuwa hoi. Kesho ilikuwa arobaini ya mama yao, na marehemu aliusia wageni wasiukute ua ule wa nguzo alioujenga Shaali kati ya nyumba zao siku alipogombana na mdogo wake, Badi. Tangu asubuhi alikuwa akifunga mnyororo na kukanyaga mafuta, na pikapu yake kuukuu ikizing'oa nguzo moja moja. Badi alimtazama kutoka mlangoni kwake.

Nguzo ya mwisho ilikataa. Magurudumu yalichimba mchanga, moshi ukatanda, wapi! Shaali alikuwa ameichomeka ikiwa mbichi, nayo ikaota mizizi na matawi.

"Iache, kaka," Badi alisema. "Huo ni mti sasa."

Shaali alizima injini. Wakaketi kivulini mwa mti huo, na kwa mazoea kila mmoja akakaa upande wake.