Kilio cha Pikapu ya Chifu

Pikapu ya Chifu Elijah ilisikika ikilia tangu kule stesheni ya reli, kwiii-kwiii, na Silvanus alipoisikia alikibwaga kitambaa chake chini. Jumamosi iliyopita tu alikuwa amelala chini ya tumbo lake nusu siku nzima, akishindilia grisi kila kiungo.

"Wewe Silvanus!" Maundu, mwenye gariji, alitoka na kikombe cha chai mkononi. "Hii ni mara ya tatu. Voi nzima inanicheka! Ikirudi tena na hiyo kelele, panda milima urudi Ronge ukalime mahindi na mama yako."

Chifu alishuka polepole. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomuumiza Silvanus zaidi.

"Si ugomvi, Maundu," alisema. "Lakini gari haimalizi siku mbili! Natembea nikilia kama kitanda kibovu. Na watu wangu ni wazuri, sitaki kuwasumbua. Nyumba yoyote nikifika nawakuta wanaimba tenzi. Tangu Pasaka sijamwaga hata debe moja la mbangara. Pombe ya miwa imekwisha kabisa huko kwetu Ronge."

Silvanus akaingia chini ya gari, moyo ukimchemka. Alichokiona kilimtia wazimu. Viungo vya usukani vilikuwa vimeshiba grisi, vile vile alivyoviacha. Pini za springi ndizo zilizokuwa kavu kabisa, tena palinuka mafuta taa. Alililaani vumbi la Ronge. Aliilaani grisi ya siku hizi. Akamlaani na mwizi wa spana yake namba nane, ile ya kufungulia vichuchu vinavyopokea grisi. Tangu Pasaka hajaiona, na kila mara ilimbidi aazime ya mwenzake na kusimangwa juu yake.

Ubaya ni kwamba aliipenda kazi hii. Kwao waliiona kazi ya uchafu, isipokuwa mama yake, Wakio. Pasaka hiyo mama alimkalisha jikoni, akamuuliza kila spana hufungua nini, na ni kiungo gani kikikosa grisi mtu anaweza kufa. Silvanus aliongea mpaka chai ikapoa. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo.

Alipomaliza kupaka, alimwomba chifu lifti. "Nitalala nyumbani, Mzee, Jumatatu tushuke pamoja. Nataka nisikie mwenyewe inaanza kulia wapi."

Walipita Mwatate wakapanda mpaka Ronge bila kelele yoyote. Kwenye kona moja mwanamke aliyejitwika debe alishtuka, akaruka kando, nusura aangukie migombani. Wakio naye alitoka mbio uani, akawasalimu kwa sauti ya kuamsha bonde zima.

"Mwanangu! Na Chifu! Karibuni! Chifu mwenyewe amefika! Mbona hatukuwasikia?"

"Dawa ya fundi wako hiyo," chifu alisema, akicheka. Silvanus aliona fahari, akasahau maneno ya Maundu kwa jioni moja.

Jumapili pikapu iliegeshwa nyuma ya kanisa. Silvanus alitaka kukaa nayo, ailinde kama ng'ombe anayekaribia kuzaa, lakini chifu alimshika mkono akamkalisha benchi la mbele. Fundi wa chifu hawezi kukaa nje kama mpagani. Mahubiri yalikuwa marefu. Mama alishikwa na kikohozi chake cha kila Jumapili, akatoka, na aliporudi watu walikuwa tayari wamesimama kuimba wimbo wa mwisho.

Ibada ilipokwisha chifu aliwasha gari, akateremka kuelekea kwake.

Kwiii-kwiii. Kwiii-kwiii.

Silvanus alibaki mlangoni pa kanisa, mikono kichwani. Machozi yalimlenga, na hakuona haya. Fundi mwingine hufanya nini ambacho yeye hajafanya? Waumini walimpita wakimwangalia kwa huruma, na wanawake wawili wazee wakampapasa bega kana kwamba amefiwa.

"Pole, mwanangu," mama yake alisema.

"Mama, Maundu atanifukuza. Amesema nirudi nikalime na wewe."

"Najua. Jembe lako nimeshalitia mpini." Akamwekea mkoba wake wa kanisani mikononi. "Hebu nishikie nifunge leso."

Mkoba ulikuwa mzito kupita Biblia na kitabu cha tenzi, na ulinuka mafuta taa. Silvanus aliufungua. Katikati ya vile vitabu viwili, ikiwa imeviringishwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, ililala spana yake namba nane.

Wakio alikaza leso yake, akatega sikio mpaka kilio cha pikapu kikapotelea upande wa pili wa bonde.

"Tangulia nyumbani," alisema. "Mwambie dada yako awashe moto, atoe na yale madebe."