Kamba ya Afisa Kiboko

Hivi wewe, umeshaona kodi ikikadiriwa kwa tumbo? Afisa Kiboko alianza kama mlinzi wa geti, akapanda cheo hadi cheo kwa kuzungusha kamba viunoni mwa wafanyabiashara: tumbo kubwa, kodi kubwa. Usipolipa, kufuli mlangoni.

Siku moja akamfikia Chura, mwenye digrii mbili na kibanda kimoja cha uji. Kwa hofu Chura akavimba, kama vyura wote wanavyovimba.

"Dada, kumbe wewe tajiri bwana!" Kiboko akacheka, akimzungushia kamba kiunoni. "Lipa, au nafunga."

"Relax, bosi, huu ni upepo tu." Chura akatoa pumzi yote, kamba ikamdondoka hadi miguuni. "Haya, zamu yako. Si sheria ni moja?"

"Apimwe!" soko zima likapiga kelele.

Kamba ikamzunguka Kiboko, ncha zikakataa kukutana. Akajaribu kunywea, wapi!

"Hilo sasa siyo upepo," Chura akasema.

Kiboko akashindwa kulipa kodi ya tumbo lake, wakaifunga ofisi yake kwa kufuli lake mwenyewe. Siku hiyo uji wa Chura uliisha kabla ya saa nne.

Nanyi wakubwa mliompa vyeo, njooni sokoni mpimwe. Kamba tunayo.