Nukta Mbele ya Barua ya Saba

Kwenye kompyuta ya mkurugenzi, barua zilikuwa kumi na mbili. Kwenye seva, ile kompyuta kuu ya kiwanda, kumi na moja. Folda ni ile ile, na skripti, ile programu fupi ya kuzituma, ni ile ile aliyoiandika Ochola, mkuu wa kompyuta.

"Ndiyo faida ya kujifunzia kompyuta uzeeni," Sabrin, msaidizi wake, alijisemea, akaguna.

Zilikuwa barua za kuachishwa kazi. Kiwanda chao cha sabuni pale Baba Dogo kilikuwa kinapunguza watu, na mkurugenzi alitaka zote zitumwe kwa barua pepe kabla ya saa sita. Kila barua ilifungwa kwa nywila, nje ikaandikwa nambari tu; majina waliyajua mkurugenzi na Ochola peke yao. "Ochola ameshindwa. Rekebisha wewe," mkurugenzi alisema, na Sabrin akaona kiti cha mkuu wa kompyuta kinamjia chenyewe.

Asubuhi hiyo Ochola alikuwa amemuuliza kama wanawe wamefungua shule. Alirudi kwenye skrini yake. Mtu akishindwa na kazi huleta porojo.

Hazikupita dakika kumi. Mbele ya jina la barua ya saba palikuwa na nukta. Windows ya mkurugenzi haijali nukta, lakini Linux ya kwenye seva ikiikuta mwanzoni mwa jina huificha faili, na skripti ikiorodhesha huiruka.

"Mzee, hii nukta ni yako?"

Ochola alivua miwani. "Ni yangu."

"Makusudi?"

"Iache hivyo, Sabrin. Nipe mpaka Jumatatu niongee na mkurugenzi. Kuna watoto nyuma ya hiyo barua, kuna karo."

Karo, eti. Mzee mzima wa Makongeni, mvi kichwa kizima, amejibanza nyuma ya nukta kama panya nyuma ya gunia, wenzake kumi na mmoja wakitupwa nje. Mfa maji haachi kutapatapa. Uzembe Sabrin angeusamehe, lakini uoga huu ulimtia kinyaa.

"Na hao wengine hawana watoto?"

"Wanao. Nilijua ni moja tu inaweza kupita."

"Ukachagua vizuri sana," Sabrin alisema.

Akabadilisha mstari mmoja wa skripti ili faili zilizofichwa nazo ziorodheshwe. Kumi na mbili. Akazituma.

Ochola akageukia dirisha. Simu yake ilikuwa juu ya meza, na Sabrin akaikodolea macho, akiingoja ilie.

Iliyolia ilikuwa mkobani mwa Sabrin mwenyewe.