Anawaza Nini Huyu?

Haya ni kweli tupu, sijatia hata punje ya chumvi. Anayebisha akaulize pale pale kituoni.

"Sikai hapa," mwanafunzi alisema. "Changu ni kile kiti cha dirishani."

Kiti cha dirishani kilikuwa kimevunjika mguu, fundi amekichukua. Mwalimu alieleza, akaeleza tena. Mwanafunzi alikaa akiwa amenuna, utadhani kiti kimevunjwa ili kumkomoa yeye.

Kituo hicho cha usonji kilikuwa na vyumba vingi, na chumba hiki kilikuwa cha somo moja tu: kujua mwenzako anawaza nini. Mwalimu alishafundisha wengi, lakini huyu alikuwa jiwe. Kichwa kimefungwa kwa ndani, ufunguo umetupwa. Chai ikichelewa kidogo, nongwa. Ratiba ikibadilishwa, makelele. Ukimuuliza sababu ya jambo lolote, anajibu kama kasuku: "Utaratibu ndio huo." Mwenzake akisimulia yaliyomuumiza, yeye anamkatiza ili arudi kwenye kitu pekee anachokipenda duniani, yaani soksi nyeupe za shule. Angeweza kuzungumzia soksi mpaka ukuta usinzie.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Wazazi walikuwa wamelalamika mno. Mwalimu asipothibitisha kwamba somo limeeleweka, kurudi shuleni ndiyo basi tena.

Mwalimu aliweka mezani picha aliyoichora kwa mkono wake. Kengele inalia. Mtoto yuko chini ya dawati, ameziba masikio.

"Anawaza nini huyu?"

"Anawaza kunikera."

"Kukukera wewe? Kwani wewe umo humu kwenye picha?"

"Basi anajidai. Anataka atazamwe."

"Angetaka kutazamwa, angejificha?"

Mwanafunzi akaiinamia picha, akaitazama upya. Mwalimu akapata tumaini, akaisogeza picha karibu zaidi. "Hebu jiweke chini ya hilo dawati. Kengele inakufanyaje?"

"Mimi niingie chini ya dawati? Nichafue nguo?"

Lo! Heri angekuwa anakifundisha kiti kilichovunjika, hicho angalau kingekaa kimya. Mwalimu akaikunja picha yake taratibu.

"Hujaelewa somo. Shuleni hurudi."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Meza ilipigwa kofi, kalamu zikaruka, kikombe kikapinduka.

"Wewe unanijua mimi? Nimeongoza shule tangu hujazaliwa, leo nipimwe akili na kitoto kama wewe?"

"Nakujua, Mwalimu Mkuu," mwalimu wake kijana alijibu, macho yake yakiwa ukutani. "Ni wewe uliyenitoa chini ya lile dawati kwa kunivuta sikio."